Naomba ushauri: kushika nyoka kwa mkono wakati wa utafiti wa reptilia

Ndugu wajuzi, katika utafiti wetu tunageuza mawe na magogo, na nyoka tuliyemtambua kuwa hana sumu humshika kwa mkono, nikiutegemeza mwili wake bila kumbana shingo. Wanaonitia hofu ni nyoka wenye sumu wa jenasi ya Atractaspis: wadogo, weusi, wanaong'aa, wanaofanana mno na wasio na madhara, na kwa kuwa jino lao huchomoza pembeni hata mdomo ukiwa umefumbwa, kuwashika nyuma ya kichwa si kinga. Juzi mmoja alikunja shingo na kuelekeza pua ardhini, kama wafanyavyo hao. Nikarudisha mkono upesi. Je, kila mweusi nisiyemtambua nimwingize kwenye chombo kwa kulabu tu, au zipo glavu mnazoziamini?