Naomba ushauri: nipate vipi kasi kwenye sabneti za CCNA?

Habari zenu wakuu. Niko Kigoma, Mwanga, najiandaa na mtihani wa CCNA, cheti cha Cisco cha mitandao ya kompyuta. Mada nyingine zinakwenda, kwenye sabneti, yaani kugawa mtandao mmoja kuwa midogo, ndipo naomba msaada.

Kanuni naielewa. Nikipewa 192.168.10.0/26, biti 26 kati ya 32 za anwani ni za mtandao, zimebaki biti 6 za vifaa, kwa hiyo kila sabneti ina anwani 64, za kutumia 62, na zinaanzia .0, .64, .128 na .192. Shida ni kasi, hasa kwenye /20 au /21, hesabu inapohamia okteti ya tatu (fungu la tatu la namba kwenye anwani). Naandika sifuri na moja ukurasa mzima, wakati mtihani ni dakika 120 na kikokotoo hakiruhusiwi.

Wapo wanaoniambia nikariri tu maski (namba zinazoonyesha sehemu ya mtandao kwenye anwani): 128, 192, 224, 240 na kuendelea. Binafsi sipendi kukariri nisichokielewa, maana nataka kazi ya kufunga mitandao kweli, siyo cheti cha ukutani.

Mliopita njia hii, mlifanya mazoezi gani mpaka mkawa mnajibu kichwani? Na VLSM (kugawa sabneti za ukubwa tofauti) niingie sasa au nisubiri? Packet Tracer, programu ya kuigiza mitandao kwenye kompyuta, ninayo, ila umeme ukikatika nabaki na daftari, hivyo mazoezi ya kalamu yatanifaa zaidi.

Natanguliza shukrani.