Mshahara uandikwe kwenye tangazo la kazi, au tuendelee kubahatisha kwenye usaili?

Wakuu habari za jioni. Naomba tulijadili hili maana mwenzenu limeniuma.

Mimi ni mbunifu majengo, nimesoma miaka 5 pale Chuo Kikuu Ardhi halafu nikapiga kazi miaka 2 kwenye ofisi ndogo. Mwezi uliopita nikaitwa usaili kampuni kubwa ya ubunifu hapa Dar, zile ambazo ukisema upo pale watu wanageuka kukuangalia. Awamu ya kwanza watu 3 mezani wanapekua potfolio, yaani kitabu cha michoro yangu, ukurasa kwa ukurasa, na niseme ukweli waliuliza maswali ya maana kabisa, ngazi hii kwa nini umeiweka huku, jua la saa 9 mchana linaingilia wapi, nilitoka pale nimejifunza. Awamu ya pili jaribio: nichore hoteli ndogo ya ufukweni, ramani, seksheni (mchoro wa jengo kama limekatwa katikati) na picha za 3D, siku 4. Sikulala. Hata hela ya bando sikupewa.

Awamu ya tatu ndo mshahara ukatajwa, tena nikatakiwa niutaje mimi. Unategemea kulipwa shilingi ngapi? Nikasema milioni 1 na laki 2. Wakatazamana, mmoja akaniambia kijana hapa watu wanakuja kutafuta jina, tutakupa laki 7.

Sasa pigeni hesabu. Laki 7 toa NSSF asilimia 10, elfu 70. Toa kodi ya TRA, elfu 42. Toa bodi ya mikopo asilimia 15, laki na elfu 5. Inabaki 483,000, hapo bado kodi ya chumba, nauli, na mdogo wangu yupo shule ananitegemea.

Nikakataa. Wangeandika hiyo laki 7 kwenye tangazo nisingechora hoteli yao. Jiji la New York tangu Novemba 2022 sheria inamtaka mwajiri aweke kiwango cha chini na cha juu kwenye tangazo, sisi tunashindwa nini?

JIBU
Dogo pole. Ila mimi nina ofisi, tupo watu 6, nikupe upande wa pili. Mteja anakaa na hela zako miezi, mishahara natoa mfukoni kwangu. Nikiandika namba kwenye tangazo kesho yake wale wa zamani wote wapo mlangoni kwangu. Na jina lina faida, ukienda kujisajili AQRB, ile bodi ya kusajili wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, una miradi mikubwa ya kuonyesha. Mimi ningechukua.

MTOA MADA
Kaka nakuheshimu na hilo la wateja nalijua, nimeliona kwa macho yangu. Ila wa zamani wakija mlangoni si ina maana wanalipwa kidogo na wewe unajua? Na hili la jina, 2019 ofisi ya Junya Ishigami, mbunifu majengo mwenye jina kubwa wa Tokyo, ndo ilikuwa inabuni banda la jumba la sanaa la Serpentine la London, ikajulikana inachukua vijana wa kujifunza kazi bila kuwalipa, kelele zikapigwa mpaka Serpentine wakaagiza kila anayegusa mradi ule alipwe. Jina kubwa kama lile halikuwa mshahara, la hapa Dar litakuwaje?

Kama hela ni ndogo niambie kwenye simu siku ya kwanza, dakika 1 tu, kabla sijawasha kompyuta.

Mliopita kampuni kubwa, mlitajiwa mshahara awamu ya ngapi, na jaribio mlilipwa?