Striga kwenye mahindi: mfuko wa pili wa urea, au soja?

Udongo_wa_Kafubu
Wakubwa, naomba ulinganisho. Ni nusu hekta nje ya Lubumbashi, udongo mwekundu, striga ya maua mekundu (gugu linalonyonya mizizi ya mahindi) imetapakaa. Ipo mifuko miwili ya mbolea ya 10-20-10 (naitrojeni, fosforasi na potasiamu) na mmoja wa urea (naitrojeni tupu), kilo 50 kila mmoja. Mvua za Novemba zikianza, ninunue urea nyingine au niingize soja? Mahindi yananyauka hata ardhi ikiwa na maji, na mbolea haionekani ilipoenda.

FundiMbolea
Urea ya pili usinunue. Striga huvuta maji na naitrojeni kutoka kwenye mizizi ya mahindi, kwa sababu vitundu vya majani yake hubaki wazi hata mahindi yakifunga vyao. Lakini hasara kubwa si kile inachonyonya. Majani ya mahindi yanapunguza kutengeneza chakula, shina linadumaa, na mbolea inakosa mmea wa kuitumia. Hayo yote huanza wiki 4 hadi 7 kabla striga haijachomoza. Ukingoja maua ndipo uweke urea, umeshachelewa.

Anza na fosforasi. Mizizi yenye njaa ya fosforasi hutoa kemikali iitwayo strigolaktoni kwa wingi zaidi ili kuita kuvu wanaoisaidia kuitafuta, na mbegu za striga huamshwa na kemikali hiyohiyo. Udongo wetu wenye asidi unaishika fosforasi kwa chuma na alumini, kwa hiyo usiitawanye juu: weka shimoni. Kwa nafasi ya sm 75 kwa 50, mimea miwili kila shimo, una mashimo karibu 13,300. Mifuko miwili ni gramu 7.5 kwa shimo. Iwe sm 5 kando ya mbegu, ifukiwe, maana ikigusa mbegu inaiunguza. Urea igawe mara mbili, chini kidogo ya gramu 2 wiki ya tatu na kiasi hichohicho wiki ya sita, ardhi ikiwa na unyevu, na uifukie.

Mama_Soja
Vipimo ni sawa, ila kulima mahindi shamba lote sikubali. Mbolea haimalizi mbegu zilizolala chini. Striga moja humwaga makumi ya maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, na zinaweza kukaa hai zaidi ya miaka 10. Mizizi ya soja inaziamsha, lakini striga haiwezi kuishi juu yake, basi kichipukizi kinakufa ndani ya siku chache.

Robo hekta panda soja: kilo 20 hadi 25 za mbegu zilizopakwa bakteria wa rizobiamu, mfuko mmoja wa 10-20-10, bila urea. Robo nyingine mahindi, na mfuko uliobaki pamoja na nusu mfuko wa urea. Mwaka wa pili badilisha pande. Kama pH (kipimo cha asidi ya udongo) iko chini ya 5, vinundu vya mizizi ya soja, wanamoishi bakteria hao, havitafanya kazi vizuri, kwa hiyo weka chokaa ya kilimo wiki kadhaa kabla ya kupanda. Aina za soja pia hazilingani katika kuamsha striga.

Majani_Mabichi
Msisahau desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaopandwa kati ya mistari ya mahindi, ile ya mfumo wa taasisi za utafiti za icipe ya Kenya na Rothamsted ya Uingereza. Inaamsha mbegu na pia inazuia vichipukizi kushika mizizi ya mahindi yaliyo mstari wa jirani, tena inarudisha naitrojeni. Ubaya wake: msimu wa kwanza hukua polepole na lazima ipaliliwe kwa mkono. Huku, kati ya Mei na Oktoba, ukame na moto wa porini vinaweza kuimaliza. Asiye na mbuzi wala ng'ombe wa kula majani yake, soja inamfaa zaidi.

Udongo_wa_Kafubu
Na soja katikati ya mistari ya mahindi, mama?

Mama_Soja
Inasaidia, lakini kidogo. Mizizi ya mahindi bado iko palepale na striga itaipata. Kuzungusha mazao kuna nguvu zaidi.

FundiMbolea
Nakubali mgawanyo wa Mama Soja. Kwenye robo ya mahindi, ng'oa striga kila wiki mbili kabla haijatoa maua. Iliyokwisha kutoa maua ichomwe. Usiitupe kwenye mboji wala usiwape ng'ombe, kwani mbegu hupita tumboni zikiwa hai na kurudi shambani na samadi.