MREJESHO: Fundi wa msumeno Mafinga aliyekatwa mkono, fidia imefikia wapi

Wakuu, niliuliza hapa kama kijana aliyekatwa mkono chini ya kiwiko kwenye kiwanda cha mbao Mafinga anaweza kulipwa, ikiwa bosi anadai uzembe ni wake na mkataba ulikuwa wa mdomo. Jibu: anadai WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi), na hahitaji kuthibitisha kosa la mwajiri. Dai liingie ndani ya miezi 12 tangu ajali. Mkataba wa mdomo haumfungii mlango. Ushahidi ni miamala ya simu ya mshahara, daftari la mahudhurio na wenzake wa zamu.

Hesabu ndiyo inayowachanganya wengi. Ulemavu wa 30% hulipwa kwa mkupuo: 70% ya mshahara wa mwezi mara 84. Kwa mshahara wa 300,000 ni 17,640,000. Ulemavu ukiwa chini ya hapo, mkupuo unapungua kwa uwiano, 10% ni 5,880,000. Ukizidi 30%, ni pensheni ya kila mwezi. Kwa hiyo msisaini "tumemalizana" ya laki chache kabla daktari hajatoa asilimia ya ulemavu, na tathmini husubiri kidonda kitulie.

Kigutu (sehemu ya mkono iliyobaki) nacho kina kazi. Bendeji ya kuvutika ifungwe kwa mtindo wa namba nane, ikaze nchani na kulegea kuelekea juu, ifungwe upya mara kadhaa kwa siku. Mizunguko ya duara hunyonga, ncha inavimba kama balbu, na mkono wa bandia haukai. Vipimo vyake vichukuliwe uvimbe ukiisha. Ukiharakisha, baadaye unapwaya.

Fomu zimepokelewa, tunasubiri tathmini.