Mjadala: Je, mwaka 1979 tungeishia Mutukula?

Wakuu, juzi kwenye msiba mmoja wazee wawili nusura wamwagiane kahawa. Mmoja anasema nduli Amin ndiye aliyetuletea foleni za sukari. Mwenzake, ambaye alikwenda vitani, akamkata: "Nduli tulimtoa kwetu Januari. Foleni zenu mtafute wa kumsingizia." Nimeona mzozo huo tuumalizie hapa, maana mimi siko upande wa yeyote kati yao: je, Vita vya Kagera ndivyo vilivyotuletea shida, na je, jeshi letu lilipaswa kuishia mpakani badala ya kwenda hadi Kampala?

Kwanza yale yasiyo na ubishi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Uganda yaliingia Kagera, na Novemba 1 Amin akatangaza kwamba ardhi yote hadi Mto Kagera ni yake. Daraja la Kyaka likavunjwa, kiwanda cha sukari cha Kagera kikaporwa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu, raia wakauawa. Nyerere akatuambia kwamba sababu tunayo, uwezo tunao na nia tunayo. Hadi mwisho wa Januari 1979 Mutukula, mji wa mpakani upande wa Uganda, ilikuwa mikononi mwetu, na mpaka ulikuwa salama.

Hapo ndipo ubishi unapoanza. Wanaosema tungeishia pale wana hoja nzito kuliko tunavyopenda kukiri. Azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) la Cairo, mwaka 1964, la kuheshimu mipaka tuliyoachiwa na wakoloni, lilipelekwa mezani na Nyerere mwenyewe. Miaka 15 baadaye jeshi lake liko Kampala. Kwenye mkutano wa Monrovia, Julai 1979, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria hawakumficha: umevuka mpaka, umeng'oa serikali. Na Amin alikuwa muuaji, kila mtu alijua, lakini kila rais pale ukumbini alikuwa anafikiria jirani yake mwenyewe.

Pamoja na hayo, mimi nasema kuvuka kulikuwa sahihi. Sababu yangu si ukombozi, ni kilomita 10. Baada ya wafuasi wa Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, kuishambulia Uganda mwaka 1972 wakitokea kwetu (ndiyo, kwetu, tusijifanye tumesahau), ulisainiwa mkataba wa Mogadishu: kila upande urudishe majeshi kilomita 10 kutoka mpakani. Kwa hiyo 1978 Amin alipoingia alikuta mlango umeegeshwa tu. Tungeishia Mutukula, ama tungesaini karatasi nyingine kama ile, ama tungeweka maelfu ya askari pale kwa miaka, wale, walale, wasubiri, huku Libya ikimjazia mwenzetu silaha. Hiyo isingekuwa nafuu. Mpango wenyewe wa mwanzo ulikuwa Waganda waliokimbilia uhamishoni ndio waingie Kampala. Hawakuwa na nguvu hiyo, na askari wa Gaddafi wa Libya walipojitokeza, kazi ikabaki kwetu.

Kosa letu lilianza Aprili 11, siku Kampala ilipoanguka. Tulijua kuingia, kutoka hatukujua. Lule, rais wa kwanza baada ya Amin, alidumu siku 68. Akaja Binaisa, naye akaondolewa. Desemba 1980 ukafanyika uchaguzi uliomrudisha Obote, rafiki wa Nyerere aliyekuwa mwenyeji wake uhamishoni, huku askari wetu bado wakiwa nchini humo. Walimaliza kuondoka 1981. Waganda waliowapokea kwa shangwe na kuwaita "bakombozi" walikuwa na haki ya kuuliza wanakombolewa na nani sasa.

Na nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Gharama ya vita inakadiriwa kuwa dola milioni 500, mzigo mkubwa kwa nchi kama yetu. Lakini sufuria ilikuwa imeshatoboka kabla ya vita. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, tukalazimika kuanzisha mashirika yetu ya reli na ndege. Bei ya kahawa iliyopaa ikashuka. Na mwaka huohuo wa 1979 mafuta yakapanda baada ya mapinduzi ya Iran. Mwalimu akatuomba tufunge mikanda miezi 18. Edwin Mtei, waziri wa fedha, aliyetaka tuelewane na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), akajiuzulu mwaka huo. Miezi 18 ikapita, ikapita tena, mkataba wa 1980 na IMF ukavunjika mapema, na mwingine haukuja mpaka 1986, chini ya Mzee Mwinyi.

Mimi nilikuwa mtoto wa shule. Naikumbuka foleni ya duka la ushirika: watu walipanga mawe alfajiri, kila jiwe na mwenyewe, wakarudi kulala. Mama alifulia majani ya mpapai kwa sababu sabuni hakuna. Ugali wa unga wa njano, ule tuliouita Yanga, ulikuwa na harufu ambayo hadi leo sijaisahau. Baba mdogo, mgambo aliyefika hadi Masaka, alirudi na redio ya kaseti na kikohozi, na kila mtu akiulizia sukari yeye anajibu: "Vita." Ilikuwa 1983! Mwaka huo Waziri Mkuu Sokoine anawakamata walanguzi, na mwaka huohuo Kagera wanaripotiwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI, ugonjwa ambao wenyeji waliuita Juliana, jina la nguo za magendo kutoka Uganda. Hata kwa ugonjwa huo kuna wanaovibebesha vita lawama moja kwa moja. Mimi nadhani magendo yalihusika zaidi, ila hapo nikosoeni.

Kwa hiyo nauliza, hasa walio Misenyi na Bukoba, na ndugu zetu wa Masaka na Kampala ambako makombora ya jeshi letu, yale ya saba saba, bado yanatajwa. Bakombozi walianza kuwachosha lini: kabla ya Lule kuondolewa, au baada ya uchaguzi? Na wale mliokuwa kwenye foleni za 1980, kuna aliyewahi kumsikia kiongozi akisema hadharani, miezi 18 imekwisha, legezeni mikanda?