Mrejesho: Shokapu za kupandisha na kushusha kwenye Corolla KE70

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Niliwauliza kama naweza kujitengenezea shokapu za mbele za kupandisha na kushusha kimo cha gari kwa ajili ya Corolla yangu ya KE70, maana seti ya dukani ilinishinda bei. Gari liko barabarani mwezi wa pili sasa.

Nilifuata ushauri wenu wa kutoa kila kitu ndani ya shokapu kabla ya kuchomelea. Mafuta yakibaki mle, moto ukiyafikia ni hatari. Fundi alikata kikalio cha zamani cha springi, akalisaga bomba la shokapu mpaka likang'aa, kisha tukavisha mrija wenye nyuzi kama za skrubu na kuchomelea pete ya kuushikilia chini. Nati ni mbili: ya juu inabeba springi, ya chini inaibana ya juu isilegee.

Nilipokosea ni springi. Nilianza na za kilo 8 kwa milimita, yaani inahitaji uzito wa kilo 8 kuibonyeza milimita moja. Kwenye rasta gari lilikuwa linaruka mpaka usukani unatetemeka mikononi. Nikashuka hadi 4, likatulia kabisa. Halafu nikipiga jeki, springi zilikuwa zinacheza kwenye vikalio kwa sababu ni fupi. Hilo sikulivumilia hata siku moja, nikaongeza springi ndogo laini za kujazia nafasi.

Mkibadilisha kimo, pimeni alaimenti (mkao wa magurudumu) siku hiyohiyo. Mimi nilichelewa, tairi zikaanza kuliwa upande wa ndani. Na nyuzi zipakeni grisi, matope yanakamata nati vibaya sana. Nyuma bado sijagusa.