Pointi 6 za udaktari ni za nani? TCU na vyuo, wekeni wazi pointi za mwisho za kila kozi

Wakuu, hili jambo limenichosha na nalisema bila kupunguza makali. Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, mzazi anafungua mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) na kusoma kwamba udaktari wa binadamu unataka Fizikia, Kemia na Baiolojia, jumla pointi 6, kila somo lisipungue D. Anapiga hesabu, mtoto ana 8. Wanalipia maombi, shilingi 10,000 chuo hiki, 10,000 chuo kile, mpaka vinafika vinne au vitano. Jina halitoki popote. Mtoto alikuwa na sifa kabisa. Ameumizwa na kusoma kiwango cha chini akidhani ndicho kiwango cha kuingilia, na kwenye mwongozo hakuna mstari unaomtahadharisha.

Tuanze na pointi zenyewe, maana hata humu watu wanazichanganya. Pointi za divisheni zinahesabiwa A=1, B=2, C=3, D=4, E=5, S=6, F=7, kwa hiyo ndogo ndiyo nzuri. Pointi za udahili zimegeuzwa: A=5, B=4, C=3, D=2, E=1, na S ni nusu. Mwenye BBC ana Divisheni I ya 7, lakini chuoni anaingia na pointi 11. Mwenye DDD ana Divisheni II ya 12, na chuoni ana 6. Hiyo DDD ndiyo "sifa" ya udaktari inayotangazwa. Waliomaliza 2014 na 2015 wana kipimo chao kingine (A=5, B+=4, B=3, C=2, D=1) na wanatakiwa wawe na C mbili, kwa hiyo mwenye cheti cha miaka hiyo asitumie jedwali la leo.

Sasa njooni kwenye kiini. Juu kabisa ni AAA, yaani 15. Chini ni 6. Kutoka 6 hadi 15 kuna ngazi kumi tu. Kozi zinazohesabu masomo mawili, kuanzia pointi 4 hadi 10, zina ngazi saba. Ukipanga maelfu ya waombaji kwenye ngazi kumi, lazima mamia wasimame pamoja pale pale nafasi zinapoishia. Chuo kikibakiwa na viti 20 na waliofungana kwa pointi 11 wakawa 150, nani anaingia? Kwa kigezo gani? Kemia kwanza? Alama za kidato cha nne? Aliyewahi kutuma maombi? Mwombaji haambiwi kabla, na akikosa haambiwi baada.

Halafu herufi zenyewe ni pana mno. A ni 80 hadi 100, B ni 70 hadi 79, C ni 60 hadi 69. Chukua mtoto mwenye 70, 70 na 70: ni BBB, pointi 12. Mwenzake ana 79, 79 na 69: ni BBC, pointi 11. Wa pili amemzidi wa kwanza alama 17 kwa jumla, na ndiye anayeachwa. Au mwenye 80, 60, 60 (ACC, pointi 11) dhidi ya mwenye 79, 69, 69 (BCC, pointi 10). Tena ni zile zile alama 17, zimepotelea ndani ya herufi. NECTA, yaani Baraza la Mitihani, ndiyo inayosahihisha na alama ghafi inazo. Kwa kazi ya kuwatenganisha waliofungana tu, alama hizo zingetosha kabisa, na mwanafunzi aonyeshwe zake.

Awamu ya kwanza ya udahili nayo ina balaa lake. Tangu 2017 mwombaji anaomba moja kwa moja chuoni, kwa hiyo mwenye pointi 14 anachaguliwa vyuo vitatu au vinne kwa mpigo. Anathibitisha kimoja kwa namba ya siri anayotumiwa kwenye simu. Mpaka athibitishe, viti vile vingine vimeshikwa bure na mwenye 11 ameshaambiwa hakuchaguliwa. Huyu sasa aombe upya awamu ya pili, ambayo wengi wanaiona ni makombo na hawaiombi, wakati viti vyenyewe vimeachwa na hao hao waliochaguliwa kwingi.

Kuna na wanaoanguka kwa masharti ya pembeni. Tahasusi iko sawa, pointi zipo, lakini kozi inataka BAM (somo la ziada la hisabati kidato cha tano na sita) au Hisabati ya kidato cha nne na mtoto hana. Somo la General Studies haliongezi pointi yoyote, msilijumlishe.

Kenya hapo jirani, mtu akiingia tovuti ya KUCCPS, chombo chao cha kupangia wanafunzi vyuo, anaona kila kozi, kila chuo, na pointi za mwisho za miaka iliyopita, hadi desimali tatu. Wana matatizo yao, lakini mtoto wao anajua anaomba akiwa wapi. Mwongozo wetu una safu ya pointi za chini na safu ya idadi ya nafasi. Ongezeni safu moja: pointi za aliyeingia wa mwisho mwaka jana. Vyuo takwimu hizo vinazo, ndivyo vilivyochagua. Na kabla dirisha halijafunguliwa, kila chuo kiandike utaratibu wa kuwatenganisha waliofungana, na nafasi ngapi zimetengwa kwa wenye diploma, maana wao wanapimwa kwa GPA (wastani wa ufaulu wa diploma) ya 3.0 na rula hizo mbili hazifanani.

Kwa wanaoomba mwaka huu: kabla ya kulipia, piga simu ofisi ya udahili uulize swali moja tu, "aliyeingia wa mwisho kozi hii mwaka jana alikuwa na pointi ngapi?" Majibu mtakayopata yawekeni hapa chini, chuo na kozi, tuyakusanye sehemu moja.